Nijibuje nikiulizwa kwa nini niliondoka kazini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nimekuwa mtunza stoo kwa miaka 4. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, kwa sababu mimi na bosi mpya hatukuelewana. Tangu hapo nina miezi 11 sina kazi, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa namuuguza mama. Sasa nimeitwa kwenye intavyuu ya nafasi ya msimamizi wa stoo, imebaki wiki mbili. Intavyuu mbili zilizopita nilikwama palepale: 'kwa nini uliondoka', 'udhaifu wako ni nini', na 'unataka mshahara kiasi gani'. Kwenye udhaifu nilisema huwa nafanya kazi kupita kiasi, wasaili wakatazamana. Nijibuje safari hii? Na nikishatoka pale, nikae kusubiri au niwatafute?"

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Afadhali umesema wazi unakwama wapi, maana wengi huniandikia "naomba maswali na majibu ya intavyuu" kana kwamba kuna karatasi ya majibu inauzwa mahali.

Nianze na hao waliotazamana. Jibu la "nafanya kazi kupita kiasi" wasaili wanalisikia kila siku ya usaili, tena wakati mwingine kutoka kwa watu wawili wanaofuatana. Wakilisikia wanajua umeulizwa jambo la kweli ukaamua kuwapiga chenga, na kuanzia hapo hata mazuri utakayosema wanayapokea kwa mashaka. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba swali gumu huwa lina hofu ya mwajiri ndani yake. Anayekuuliza kwa nini uliondoka anahofia utakuja kugombana na yeye pia. Anayeuliza udhaifu anahofia mtu asiyejijua, kwa sababu mtu wa namna hiyo hasahihishiki. Wa mshahara anahofia mambo mawili yanayopingana: kwamba hatakumudu, au kwamba atakupata kwa bei ndogo nawe utamkimbia baada ya miezi mitatu. Ukishaitambua hofu, ijibu hiyo hofu. Ukijibu maneno ya swali peke yake, utaishia kujitetea.

Hofu haitulizwi kwa sifa. Ukisema "mimi ni mwaminifu, mchapakazi, najituma", wamesikia maneno ambayo hata mwizi angeyasema. Kinachotuliza ni tukio: siku fulani, shida fulani, wewe ukafanya nini, ikaishaje. Ndiyo maana siku hizi maswali mengi yanaanza na "tuambie wakati fulani ulipo…". Mtindo huu una mizizi ya mbali kidogo. Mwanasaikolojia John Flanagan, aliyeongoza utafiti wa kuchagua marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1954 njia yake ya kukusanya matukio halisi ya kazini ili kujua nini hasa humtenganisha anayeiweza kazi na asiyeiweza. Na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipopitia upya hesabu za tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, usaili wa maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji anaulizwa yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ndio uliokuwa juu kabisa katika kubashiri nani atafanya kazi vizuri. Kwa hiyo ukiona wanasoma maswali kwenye karatasi na kuandika huku hawakuchekei, usidhani wamekuchukia. Wanakupa alama, na alama hutolewa kwa mambo yanayoandikika.

Kazi yako ya wiki hii ya kwanza iwe kwenye tangazo la kazi, na kalamu mkononi. Tuseme limeandikwa "kuhakikisha kumbukumbu zinaoana na mali iliyopo". Hakuna anayeandika hivyo kwa kujipamba. Karibu kila mara maana yake ni kwamba kuna mali iliwahi kupotea, au mkaguzi alikuja akakuta leja inasema hivi na rafu inasema vile. "Kuongoza timu ndogo" ina maana kuna vijana wa kupakia na kupakua, na pengine kuna mmoja anayewasumbua. "Kufanya kazi kwa presha" ina maana wako wachache. Kila kipengele kiandikie tukio lako moja. Matukio sita au saba yanatosha intavyuu nzima, kwa sababu tukio moja linaweza kujibu maswali matatu ukiligeuza upande mwingine.

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nikae kidogo. Msailiwa anaulizwa kama amewahi kukuta upungufu kwenye stoo, anajibu: "Ndiyo, changamoto kama hizo zilikuwepo, lakini tulishirikiana kama timu, hatua zikachukuliwa na hali ikawa nzuri." Msaili ana kalamu mkononi na hana cha kuandika. Nani alifanya nini? Sasa linganisha na huyu: "Hesabu ya mwisho wa mwezi ilionyesha pungufu ya katoni 14 za vichujio vya mafuta. Nilirudi kwenye kadi za stoo za wiki sita nyuma nikaona upungufu unaanza siku za mizigo ya usiku. Nikakuta mlinzi ndiye anayesaini karatasi ya mzigo, bila kuhesabu, kwa kuwa stoo imefungwa. Nilimwomba bosi mizigo ya usiku isisainiwe mpaka watu wawili wahesabu, na iwekwe kwenye kizimba chenye kufuli hadi asubuhi. Hesabu mbili zilizofuata zilitoka sawa. Zile 14 hazikupatikana, zilifutwa kwenye vitabu kwa idhini ya uongozi." Hiyo sentensi ya mwisho, inayokubali kwamba mali haikurudi, ndiyo inayomfanya msaili aamini zote zilizotangulia. Usiikate.

Angalia pia ile "tulishirikiana, hatua zikachukuliwa". Tumelelewa kuona kwamba kusema "mimi" ni kujikweza, basi tukifika mbele ya jopo tunajificha nyuma ya "sisi" na nyuma ya vitenzi visivyo na mwenyewe: ikaonekana, ikaamuliwa, ikarekebishwa. Adabu ni nzuri, ila jopo haliajiri "sisi". Wataje wenzako pale walipohusika kweli, kisha useme bila aibu sehemu iliyokuwa yako.

Matukio hayo usiyaandike neno kwa neno ukayakariri kama kasuku. Ukiulizwa kwa maneno tofauti kidogo utapotea, na wasaili wanaitambua sauti ya mtu anayesoma kichwani. Andika maneno machache kwenye kadi, "katoni 14, mlinzi, kizimba", kisha simulia kwa sauti bila kutazama. Kuna sababu ya kusisitiza sauti. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka zaidi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa wakijiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kusoma majibu yako kila usiku kutakupa utulivu wa uongo. Msimulie mtu, au jirekodi kwenye simu. Jisikilize kwa uvumilivu (hakuna anayeipenda sauti yake), uone wapi unarefusha. Tukio moja lisizidi dakika mbili.

Sasa swali lako la kwanza, kwa nini uliondoka. Lina tabaka mbili, na watu hujiandaa na moja tu. Tabaka la juu ni fupi: "Mkataba wangu wa miaka 4 ulifika mwisho na haukuongezwa. Uongozi ulikuwa umebadilika, na mimi na msimamizi mpya tulitofautiana kuhusu namna ya kuendesha stoo." Hapo nyamaza. Usiseme "nilitafuta changamoto mpya". Si kweli, na wao watapiga simu ulikotoka. Tabaka la pili linakuja wakikuuliza, kwa upole kabisa, "mlitofautiana kwenye nini hasa?" Mtu aliyekuwa ametulia huanza ghafla kumwaga ya moyoni: bosi alikuwa hivi, alinionea, aliwaleta watu wake. Hata kama yote ni kweli, hofu yao umeithibitisha, kwa sababu hawana njia ya kujua nani alikuwa na haki. Wanachokiona ni mtu ambaye miezi 11 haijampoza.

Kwa hiyo andaa sentensi tatu za tabaka la pili, zenye jambo la kikazi na si tabia ya mtu. Mimi sijui mligombania nini, lakini mfano ungekuwa: "Alitaka mali itolewe kwa maagizo ya simu ili kuokoa muda, mimi nilisisitiza fomu isainiwe kwanza. Hoja yangu naiamini bado, ila niliipinga mbele ya wafanyakazi wengine, na hilo lilimweka pabaya. Leo ningemfuata ofisini na pendekezo la kuharakisha fomu." Umeonyesha msimamo na umeonyesha umekua. Kama kwa upande wako hakuna hata chembe ya kosa, na hutokea, basi sema tofauti ilivyokuwa na jinsi ulivyokabidhi stoo vizuri siku ya mwisho. Makabidhiano yenye hesabu iliyosainiwa ni ushahidi mkubwa kuliko maelezo yoyote.

Na suala la wadhamini, yaani watu watakaoulizwa kuhusu kazi yako, lishughulikie kabla ya siku hiyo. Huna lazima ya kumtaja bosi mliyekosana kuwa wa kwanza. Yupo aliyekuwa kabla yake, yupo mhasibu aliyekuwa akipokea ripoti zako. Wapigie leo, waombe ruhusa, watumie na tangazo lenyewe ili wajue wasemee nini. Mdhamini anayeshtukizwa na simu huongea kwa kusitasita, na kusitasita kwake hutafsiriwa vibaya. Lakini jiandae pia kwamba mwajiri anaweza kumtafuta huyo bosi wa mwisho hata usipomtaja. Ndiyo sababu nyingine ya kusema ukweli mapema.

Kuhusu miezi 11, jibu kwa sentensi mbili na usiombe radhi: "Nilikuwa namuuguza mzazi. Sasa mipango ya kumhudumia imekaa sawa na niko tayari kwa ratiba yenu." Sentensi ya pili iseme kama ni kweli tu. Kama bado kuna siku za kliniki ambazo ni lazima umpeleke wewe, liseme hilo ukipewa kazi, kabla ya kusaini mkataba. Ugonjwa wenyewe ni siri ya mama, si wako kuusimulia. Na kama ndani ya muda huo ulisaidia kuhesabu mali ya duka la mtu au ulijifunza programu ya kutunza kumbukumbu za stoo, litaje, hata kama hukulipwa.

Udhaifu. Kipimo changu ni kimoja: je, mtu aliyefanya kazi nawe akisikia jibu lako atasema "ee, huyo ni yeye"? Kama hapana, tafuta lingine. Kisha hakikisha haugusi uti wa mgongo wa kazi yenyewe. Mtunza stoo hawezi kusema hesabu humchanganya. Chagua kitu cha kweli cha pembeni, sema kilivyoleta shida, sema unachofanya sasa. Kwa mfano: "Ripoti za maandishi. Nilikuwa najua kila kitu kiko wapi, lakini ripoti ya mwezi ilichelewa, na mhasibu alinirudishia mara mbili kwa kukosa maelezo ya tofauti. Nikaanza kuandika maelezo siku ileile ninayoiona tofauti, na mwisho wa mwezi nakusanya tu. Bado sipendi kuandika ripoti, lakini hazichelewi." Wakiuliza udhaifu wa pili, na wapo wanaofanya hivyo makusudi, uwe nao.

Kwa nafasi ya stoo nitashangaa wasipokuuliza hili: "Ukigundua mwenzako anaiba, utafanyaje?" Wanaokimbilia "nitampeleka polisi" wanadhani wanaonyesha uaminifu. Wanaosema "nitamwita nimshauri arudishe" wanadhani wanaonyesha ubinadamu, na hao ndio wanaojiangusha zaidi, kwa sababu kuanzia dakika hiyo wanaificha siri ya wizi. Wasaili wanatazama mpangilio wako wa hatua. Kwanza thibitisha kwa hesabu na karatasi, maana upungufu unaweza kuwa kosa la kuandika. Tunza zile karatasi zisibadilishwe. Peleka taarifa kwa anayehusika kwa utaratibu wa kampuni, kwa maandishi, ukisema ulichokiona na si unachokishuku. Usimtuhumu mtu stoo mbele za wenzake. Uchunguzi waachie wenye mamlaka nao. Kama uliwahi kupitia jambo la namna hii, eleza hilo badala ya nadharia, bila kutaja jina la mtu.

Usichokijua, sema hukijui. "Mfumo huo sijautumia. Niliokuwa nautumia ulikuwa na sehemu za mapokezi, utoaji na hesabu, na nilijifunza kwa kukaa na aliyekuwepo. Ningefanya hivyo hapa." Zamani Thomas Edison alikuwa akiwapa waombaji kazi karatasi ya maswali zaidi ya 100 ya maarifa ya jumla, kama Ufaransa inapakana na nchi zipi na mto Volga uko wapi, na maswali hayo yalipotoka magazetini mwaka 1921 watu walibishana sana kama yana maana yoyote. Bado wapo wasaili wa aina hiyo. Ukimpata, fikiri kwa sauti, usiporomoshe majibu ya kubahatisha.

Mshahara nao unahitaji kazi ya nyumbani. Uliza watu wawili watatu walio kwenye nafasi kama hiyo, angalia matangazo yanayotaja kiwango, halafu jiwekee namba mbili moyoni: unayoitaka, na ile ambayo chini yake utakataa. Wakikuuliza mapema, ni halali kabisa kusema, "Ningependa kwanza kuelewa majukumu yote, je, nafasi hii imetengewa kiwango gani?" Wakisisitiza, taja. Kukwepa mara mbili kunaudhi. Ukitaja fungu, kutoka kiasi fulani hadi fulani, jua mwajiri ataikumbuka ile ya chini, kwa hiyo ya chini iwe ambayo ungeikubali bila kinyongo. Na usidanganye ulikuwa unalipwa ngapi, maana wanaweza kuomba hati ya malipo. Sehemu nyingine duniani sheria zimeanza kuliondoa swali hilo: jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 inayomzuia mwajiri kuuliza mshahara wa zamani kabla ya kukupa ofa, na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ukatoa agizo linalokataza swali hilo na kumtaka mwajiri amjulishe mwombaji kiwango cha kuanzia. Angalia sheria ya ulipo wewe inasemaje. Vyovyote iwavyo, ukiulizwa ulikuwa unapata ngapi unaweza kujibu unachotarajia sasa na sababu zake. Nafasi ya msimamizi si ile ya mtunza stoo.

Maswali ya ndoa, watoto, dini na kadhalika, ambayo mara nyingi hayapaswi kuulizwa kabisa, yajibu kwa kuigusa hofu tu: "Ratiba ya zamu nimeiona na nitaimudu." Wengi wataishia hapo.

Watakuanzia na "jielezee kidogo". Usianze na shule ya msingi. Dakika moja na nusu: unafanya nini, jambo moja ulilolifanya vizuri, kwa nini nafasi hii. Mavazi yawe safi na ya heshima, basi. Kama ni kwa video, jaribu sauti siku moja kabla na ukae taa ikiwa mbele yako. Na ukiulizwa swali, ruhusa unayo ya kunyamaza kidogo ufikiri. Ukimya wa sekunde chache ambao wewe unauona mrefu, wasaili wanamalizia kuandika jibu lako lililopita.

Mwishoni watauliza kama una swali. "Hapana, kila kitu kipo wazi" ni jibu la kupoteza nafasi. Mimi ninalipenda hili: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii amekwenda wapi?" Kama alipandishwa cheo, vizuri. Kama mezani pakapita kimya, nawe umejifunza kitu. Lingine la kwako hasa: "Hesabu ikitofautiana na leja, hapa kwenu nani anawajibika na utaratibu ukoje?" Swali hilo linawaambia kwamba kazi unaijua, na linakuambia wewe kama unaingia mahali ambapo upungufu wa wengine utakatwa kwenye mshahara wako.

Kuhusu kusubiri: kabla hujasimama, uliza wanatarajia kutoa majibu lini. Kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani, mistari mitatu au minne, ukitaja jambo moja mlilolizungumza. Kama kuna swali ulijibu vibaya, unaweza kulisahihisha hapo kwa sentensi moja. Siku waliyoitaja ikipita, wape siku mbili tatu za kazi, kisha uliza mara moja tu kwa njia ileile waliyokuitia. Kimya kikiendelea, usiwafuate tena, na maombi mengine usiyasimamishe hata siku moja ukiwangoja hao. Ukikosa, waombe wakuambie ni swali gani lilikuangusha. Wengi hawatajibu. Atakayejibu, andika alichosema kwenye zile kadi zako.